Lita Moja, Kilometa Ngapi?

Ninalo daftari la jalada gumu, kaunta buku ya kurasa mia mbili, ambalo mke wangu ametishia kulichoma mara kadhaa. Ndani yake hamna siri yoyote. Mna tarehe, kilometa, lita na shilingi. Tangu mwaka 1986, kila nilipotia mafuta katika gari nililokuwa nalo, niliandika. Watoto wangu wamekua wakiniona nimesimama kwenye kituo cha mafuta na kalamu mdomoni, na wamenicheka vya kutosha. Hawakujua, kwa kuwa sikupata kuwaambia, kwamba daftari hilo ndilo lililonifumbua macho kuhusu mtu mmoja niliyemdhulumu kwa hesabu.

Mwaka 1980 nilikuwa kijana, ofisa usafirishaji wa mradi mmoja wa maji katika mikoa ya kati. Msomaji aliyekuwa mtu mzima wakati ule hahitaji kukumbushwa hali ilivyokuwa. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara ya kwanza baada ya vita vya Oktoba 1973 kule Mashariki ya Kati, pipa likatoka dola kama 3 hadi karibu dola 12 katika muda wa miezi michache. Hatujavuta pumzi vizuri, yakaja mapinduzi ya Iran mwaka 1979, na pipa likavuka dola 30. Sisi nasi ndiyo kwanza tulikuwa tumetoka katika vita vya Kagera, hazina imekauka, mazao yetu hayana bei. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mafuta ya serikali yalitoka kwa kibali, na kibali kilitoka kwa shida. Katika hali hiyo mtu aliyeshika ufunguo wa stoo ya mapipa alikuwa mtu mkubwa, na mimi nilikuwa na umri wa miaka 26.

Wizi wa mafuta ulikuwepo, tusidanganyane. Mpira wa kunyonyea petroli ulikuwa kifaa cha kawaida chini ya viti vya magari mengi ya umma, na debe moja la petroli vijijini lilikuwa na thamani kuliko mshahara wa wiki mbili. Wakubwa walinitaka niweke kiwango: kila gari litembee kilometa ngapi kwa lita moja, na dereva atakayezidisha ajieleze. Lilikuwa jambo la busara. Niliona fahari kupewa kazi hiyo.

Magari yetu mengi yalikuwa Land Rover fupi za petroli. Katika faili nilikuta karatasi iliyosema gari la aina hiyo huenda maili 18 kwa galoni. Nchi ilikuwa imekwisha kuacha maili na galoni, hivyo nikageuza. Maili 18 ni kilometa 29. Galoni moja, kwa mujibu wa jedwali lililokuwa nyuma ya shajara yangu, ni lita 3.785. Nikagawanya, nikapata kilometa 7.65 kwa lita. Nikapunguza kidogo nikaandika 7.5, nikijiona mwenye huruma. Karatasi ikapigwa taipu, ikatiwa muhuri, ikabandikwa ukutani karibu na dirisha la stoo.

Dereva ninayemsema alikuwa mtu mzima, umri wa baba yangu. Mimi nilikuwa mkubwa wake wa kazi, lakini kila asubuhi ni mimi niliyemwamkia shikamoo, naye aliitika, "Marahaba, mwanangu." Njia yake ya kawaida ilikuwa kwenda na kurudi visima vya mbali, kilometa kama 300 kwa jumla, amepakia mabomba, saruji na watu. Kwa kiwango changu safari hiyo ilikuwa ya lita 40. Yeye alirudi ametumia 56. Safari baada ya safari, 56, mara 55, mara 57. Lita 16 zilizopotea ni debe pungufu kidogo tu, na debe, kama nilivyokwisha kusema, lilikuwa na bei yake.

Nilimwita. Alinisikiliza amesimama, kofia mkononi. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba njia ile nusu yake ni mchanga, na kwenye mchanga gari huenda kwa gia nzito, injini inalia na gurudumu haliendi mbali. Akaniomba siku moja nipande naye nikaone. La pili aliliuliza kwa upole: "Hiyo galoni uliyopigia hesabu, mwanangu, ni ipi? Sisi tumekua tukijua debe ni galoni nne, na debe ni lita 18. Nne za kwako hazifiki lita 16. Ni debe gani hilo?"

Nilimjibu kwamba habari za madebe ni za sokoni, hapa ni ofisini.

Sikupanda naye. Alikatwa mshahara miezi mitatu, na Januari 1983 akaachishwa kazi. Barua niliandika mimi. Mwezi wa Machi mwaka ule ule ikaanza kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, watu wakakamatwa nchi nzima, na mtu mwenye barua inayosema ameiba mafuta ya umma hakuwa na pa kujificha. Hilo nalo sikulifikiria wakati ule. Mwaka uliofuata nilipata kazi Morogoro nikahama.

Sasa nirudi kwenye daftari. Mwaka 1986 nilinunua Volkswagen ya mgongo wa kobe, injini ya 1200, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anastaafu. Pamoja na gari alinipa kitabu chake, na kitabu hicho cha Kijerumani hakikusema maili kwa galoni wala kilometa kwa lita, bali lita kwa kila kilometa 100. Kilitaja lita 7.5. Ukigeuza ni kilometa 13 na kitu kwa lita. Daftari langu lilisema vingine. Nilifanya kama wafanyavyo watu makini: unajaza tangi mpaka mdomoni, unaandika namba ya kilometa, unatembea, unajaza tena mpaka mdomoni kituo kile kile, unagawanya. Mjini nilipata 10, mara 10 na nusu. Njia ya Dar es Salaam, asubuhi na mapema, mwendo wa 80 bila haraka, nilifika 13. Mara moja tu katika miaka saba nilipata 13 na nusu, nikashuku pampu.

Nilitaka kulinganisha na gari la rafiki aliyeandika kwa maili, nikafungua kamusi kutafuta galoni. Nikakuta galoni mbili. Moja lita 3.785, ya Marekani. Nyingine lita 4.546, ya Uingereza. Nilikaa kitandani nikiwa nimeishika kamusi ile kwa muda mrefu. Shajara yangu ya mwaka 1980 ilikuwa zawadi, imechapishwa Marekani. Land Rover ni gari la Kiingereza na karatasi yake ilihesabu kwa galoni ya Kiingereza.

Habari yenyewe ni ya kale. Wamarekani walibaki na galoni ya mvinyo iliyowekwa wakati wa Malkia Anne, mwaka 1707, inchi za ujazo 231. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1824 wakaweka kubwa zaidi, ile ya ratili kumi za maji. Ile kubwa ndiyo iliyokuja pwani yetu na utawala wao, na ndiyo iliyokuwa ikiingia mara nne katika debe la mzee yule. Kwa galoni hiyo, maili 18 ni kilometa 6.4 kwa lita, si 7.65. Safari ya kilometa 300 ingekuwa lita 47 kabla hata gari halijagusa mchanga. Katika zile lita 16 "zilizoibiwa", 7 niliziiba mimi kwa kalamu. Zilizobaki 9 zilikuwa mchanga, mabomba na gia nzito.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma kila nilichopata juu ya namna viwango hivi vinavyotengenezwa, na nimeona kwamba kosa langu lilikuwa na ndugu wakubwa. Marekani, kuanzia mwaka 1936 hadi 1968, kulikuwa na mashindano ya magari ya kutotumia mafuta mengi, yaliyokuja kujulikana kama Mobil Economy Run. Magari yalikuwa ya kawaida, lakini madereva walikuwa mafundi wa mguu mwepesi, na matokeo yao yalitangazwa kwa wanunuzi wenye miguu mizito. Baada ya mwaka 1973 serikali yao ikaona jambo hili lisiachiwe wauzaji. Sheria ya mwaka 1975 ikalazimisha kila gari jipya libandikwe karatasi ya kiwango. Kipimo kilifanyika ndani ya chumba, gari likiwa juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka, bila upepo wala kilima. Petroli yenyewe haipimwi kwenye tangi. Wanakusanya moshi, wanapima kaboni iliyomo, halafu wanahesabu kurudi nyuma. Ni kazi ya kitaalamu kweli kweli. Lakini watu walipotembea na magari hayo barabarani walilalamika, na mwaka 1984 wakubwa wakakubali: kiwango cha mjini kikapunguzwa asilimia 10, cha barabara kuu asilimia 22. Kuanzia magari ya mwaka 2008 wakabadili tena namna ya kukokotoa, wakaingiza mwendo mkali, baridi, na kiyoyozi.

Ulaya walikawia zaidi. Kipimo chao cha zamani kilikuwa safari ya dakika 20 na kilometa 11, mwendo wa wastani 34 kwa saa. Watafiti waliolinganisha kipimo hicho na magari yaliyo mikononi mwa watu waliona tofauti ya asilimia kama 9 mwaka 2001, na kufika mwaka 2015 tofauti ilikuwa imepita asilimia 40. Gari halikuharibika, watengenezaji walikuwa wamejifunza mtihani. Kipimo kipya kilianza Septemba 2017. Wajapani nao walikuwa na chao cha tangu mwaka 1991, ambacho hakikuzidi kilometa 70 kwa saa, na namba zake ndizo zilizotufikia huku pamoja na magari yaliyotumika, kwa kilometa kwa lita kama tunavyohesabu sisi. Mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba tangu mwaka huo huo wa 1991 baadhi ya takwimu zake za majaribio hazikupatikana kwa njia iliyotakiwa na sheria. Miaka 25! Nilipoisoma habari hiyo gazetini nilikumbuka karatasi yangu yenye muhuri.

Hapa Afrika Mashariki, kusema kweli, hatukununua magari kwa kuuliza lita. Tulinunua kwa kutazama Safari Rally. Volkswagen ilishinda mashindano ya kwanza mwaka 1953 na ya pili mwaka 1954, ikawa gari la walimu na mapadri. Peugeot 404 ikashinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, na nani tena angemshawishi mfanyabiashara wa Moshi kununua kitu kingine? Mwaka 1975 ikaja zamu ya 504. Tulichokuwa tukikitafuta ni gari litakalofika. Nadhani tulikuwa na haki.

Kaka yangu alikuwa na 504 ndefu, ile ya viti vya safu tatu. Ilikunywa petroli vibaya sana ukilinganisha na kobe wangu: lita moja ilimpeleka kilometa 9, akienda vizuri 10. Nilikuwa nikimtania. Siku moja ya Desemba, tukienda Moshi kwa sikukuu, aliniomba daftari akanipigia hesabu nyingine. Yeye alikuwa amebeba watu 8 na mizigo yao. Mimi nilikuwa na watu 4, sanduku moja, na jogoo. Lita yake moja ilibeba watu 8 kilometa 9, jumla 72. Yangu ilibeba watu 4 kilometa 13, jumla 52. Sikuwa na jibu. Baadaye nilisoma kwamba hata Wamarekani katika yale mashindano yao waliwahi kuhesabu kwa uzito, tani kwa maili kwa galoni, ili gari kubwa lisionewe na dogo. Kaka yangu hakuwa amesoma hayo. Alikuwa na watoto wengi tu.

Halafu kuna gharama zisizoingia tangini. Mwaka 1988 nilijumlisha kila senti iliyokwenda kwa kobe, na petroli ilikuwa shilingi 42 tu katika kila shilingi 100. Zilizobaki zilikwenda kwa matairi, plagi, kamba ya klachi, kurekebisha valvu kila kilometa 5,000, na mara moja kufungua injini kwa sababu ya silinda ya tatu, ambayo kwenye injini zile za zamani hupozwa na upepo ulioishapita kwenye kipoza oili, ukiwa na joto tayari. Sikuandika popote siku 11 ambazo gari lilisimama likingoja kipuri, wala nauli za basi, wala ugomvi. Nilipomuuza mwaka 1993 nilipata shilingi nyingi kuliko nilizonunulia, na kwa muda wa dakika mbili hivi nilijiona nimepata faida, mpaka nilipokumbuka shilingi ya 1986 ilikuwa inanunua nini.

Baada ya kobe nikanunua Toyota Corolla iliyotumika, iliyopitia Dubai kama wenzake wengi wa wakati ule. Huyo alikwenda kilometa 12 na nusu mjini na njia kuu tukichanganya pamoja, kiyoyozi kikifanya kazi siku chache kisha kikafa chenyewe na kutusaidia kubana matumizi. Fundi alimwona mara mbili kwa mwaka. Katika daftari sehemu ya petroli ilipanda hadi shilingi 65 katika 100, na mtu asiyejua angesema gari jipya linakula zaidi. Lilikula kidogo, vingine ndivyo vilivyokoma kula.

Hesabu hizi zinaendelea kubadilika chini ya miguu yetu. Mwaka 2017 serikali iliondoa ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ikaongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta badala yake. Kwa mwenye gari linalolala nyumbani siku tano ilikuwa nafuu. Kwa mwenye daladala, na hata kwa bibi anunuaye mafuta ya taa ambaye hajapata kuwa na gari, haikuwa hivyo. Nililiandika daftarini kwa wino mwekundu. Mwaka 2022 lita moja ya petroli ilivuka shilingi 3,000, na ghafla watoto wale wale walionicheka wakaanza kunipigia simu kuuliza gari gani halili mafuta.

Lakini nilikuwa nimeanza habari ya mzee. Ile siku ya kamusi ilikuwa mwaka 1987. Nilikwenda kumtafuta mwaka 1994. Miaka saba yote hiyo nilikuwa na sababu: kazi, mvua, barabara, mtoto mgonjwa. Nilimkuta kijijini kwake, amekonda, ana mbuzi na bustani ya mihogo. Nilimwamkia, akaitika kama zamani. Nilimwonyesha hesabu, galoni mbili, lita 7 na lita 9. Alivaa miwani akaitazama karatasi kwa muda. Aliniambia kwamba mwaka 1983 alikaa miezi minne kwa shemeji yake porini, upande wa Tabora, akila ugali wa kuomba, kwa sababu kila aliposikia gari alidhani wanamfuata yeye na barua yangu. Aliyasema hayo bila hasira. Nilimwomba radhi. Alisema amesikia.

Kisha akauliza Corolla ile pale nje inakwenda kilometa ngapi kwa lita. Nikamwambia 12 na nusu. Akasema tuizungushe mpaka mtoni, aone mwenyewe. Nikampa ufunguo, nikapanda upande wa abiria, na tukaondoka polepole, yeye akiisikiliza injini kama mtu anayesikiliza habari redioni.

Tulipokaribia mto aliniuliza, "Na wale wenzangu niliowaacha, karatasi mliwabadilishia?"

Nilimwambia kwamba niliondoka mwaka 1984 na karatasi ilikuwa bado ukutani. Hakusema kitu. Alishusha gia, maana mchanga ulikuwa umeanza.